Kaunsili za Australia huanza mkutano kwa kutaja wenyeji wa ardhi, hii kitu ingewezekana Nakuru kweli?

Fundi_Kaptembwo
Wadau mambo. Binamu yangu yuko Melbourne mwaka wa sita sasa, juzi akanitumia klipu ya siku amepewa uraia. Kumbe hiyo sherehe hufanywa na kaunsili ya mji, sasa kabla meya hajasalimia mtu yeyote akasema hapa tumesimama ni ardhi ya Wawurundjeri, anawaheshimu wazee wao walioenda na walio hai, ndio akaendelea. Binamu anasema hata mkutano wa kuongelea mapipa ya taka huanza hivyo hivyo. Mi nilicheka, nikasema hawa watu wako na wakati mwingi. Halafu nikiwa kwa matatu narudi mtaani nikajiuliza, sisi tulifanywa jiji Desemba 2021 na makelele mingi sana, kuna mtu alisimama akataja nani alikuwa hapa kabla ya reli? Na jina Nakuru lenyewe tunaambiwa ni la Kimaasai, mahali pa vumbi. Swali langu: hiyo ya Australia ni maneno tu ama kuna kitu nyuma yake?

MamaZawadi_Melbourne
Kaka, niko kwa ofisi ya kaunsili moja huku, wacha nikueleze. Hayo maneno ya mwanzo ndio kitu kidogo kabisa. Kaunsili nyingi ziko na mpango wa maridhiano ulioandikwa, kazi hii hivi, tarehe hii, ofisa fulani ndiye ataulizwa. Unapitishwa na shirika linaitwa Reconciliation Australia, mipango yenyewe ilianza 2006 na iko ngazi nne. Ndani utapata kuajiri Waaborijini, yaani wenyeji wa asili, kununua kwa biashara zao, kulinda sehemu zao za kale. Na kukaribisha watu ni kazi ya mzee wa ardhi hiyo peke yake, meya anaweza kutambua tu, hakaribishi. Mzee akija analipwa. Nimeona mmoja akichoma majani mabichi ya ile miti nyumbani tunaita blugamu, sote tukapita kwa moshi, nguo zikanuka mpaka jioni.

Kuna kaunsili zingine zilijitia mashakani kweli. 2017 kaunsili za Yarra na Darebin zilikataa kufanya sherehe za uraia tarehe 26 Januari juu kwa wenyeji hiyo ni siku ya kuvamiwa. Serikali kuu ikawapokonya kibali cha kufanya hizo sherehe kabisa.

Ja_Kondele
Sawa dada lakini usitupake mafuta. Oktoba 2023 si walipiga kura ya maoni kuwapa hao wenyeji sauti kwa katiba na karibu asilimia 60 wakasema hapana? Sasa meya anaheshimu wazee asubuhi, jirani yake anapiga hapana jioni. Sisi handisheki za wanasiasa tunazijua. Halafu huku Kisumu ukianza kutaja nani alifika kwanza hiyo mitingi haiishi, ama inaisha na mawe 😂

Msomaji_wa_Njoro
Mnajua Melbourne ilianzaje? 1835 mtu anaitwa John Batman alidai amenunua ardhi ya Wawurundjeri kwa blanketi, visu, vioo na unga. Gavana akasema mkataba ni bure, lakini si ati kuwatetea wenyeji, alisema ardhi yote ni ya mfalme! Mpaka 3 Juni 1992 ndio korti kuu yao, kesi ya Mabo, ikakubali wenyeji walikuwa na haki yao hata kabla ya Mwingereza. Sasa rudi hapa. 1904 Wamaasai walitolewa Naivasha na Nakuru kwa mkataba, wakaambiwa utadumu maadamu wao wapo. Miaka saba tu, 1911, wakaletewa mwingine watoke Laikipia. Mwingereza ni yule yule jameni.

Asali_ya_Mau
Mimi ni Muogiek wa Nessuit, hapo tu juu yenu. Wenzetu wa Australia wako na siku ya kuomba samahani, 26 Mei, kwa sababu ya watoto walionyang'anywa wazazi. Sasa sikieni, 26 Mei 2017 ndio Mahakama ya Afrika huko Arusha ilisema serikali ya Kenya ilikosea kututoa msitu wa Mau. Juni 2022 ikaongeza tulipwe shilingi milioni 57.85 za mali na milioni 100 za machungu, na tupewe taito ya ardhi ya pamoja. Karatasi tunayo. Babu yangu alikuwa anajua kila mti wenye mzinga wake, leo nikiingia huko na moshi wa kurina naulizwa kibali. Kwa hivyo Fundi, MCA akianza kikao kwa kutaja Waogiek na Wamaasai sitakataa, itanifurahisha hata. Lakini akimaliza kututaja afungue ukurasa wa pili atusomee tarehe na jina la ofisa, kama huyo mama amesema.

Fundi_Kaptembwo
Eish. Mzee Asali pole, na mimi Nessuit naijua ya viazi tu. MamaZawadi, hiyo mipango mtu wa kawaida anaweza kuiona ama ni siri ya ofisi? Nataka niwe na moja mkononi siku wakituita kutoa maoni ya bajeti.

MamaZawadi_Melbourne
Iko wazi kwa tovuti zao, nitakutafutia yenye si ndefu sana. Kesho lakini, huku sahii ni saa tisa usiku.