Naomba ushauri: mfuko upi una makato madogo kwa akiba ya uzeeni?

Wakuu, habari zenu. Nina miaka 39, nimeajiriwa sekta binafsi hapa Dar. NSSF inapokea asilimia 20 ya mshahara, yangu na ya mwajiri kwa pamoja, ila nataka kuongeza laki moja kila mwezi, nisiiguse mpaka nistaafu.

Kuna wakala ananisukuma nichukue mpango wake. Karatasi yake imeandika faida kwa herufi kubwa, makato yako chini kabisa kwa maandishi madogo. Nikapiga hesabu: milioni 10 ikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka 20 inafika kama milioni 67. Makato yakila asilimia 2 tu kila mwaka, unabaki na milioni 46 na kidogo. Milioni 20 nzima imeondoka! Imeniuma sana.

Kwa hiyo nimebaki na UTT AMIS, kampuni ya serikali inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja: ninunue vipande (sehemu unazomiliki kwenye mfuko) vya Mfuko wa Umoja, wenye hisa za makampuni ndani yake, au vya Mfuko wa Hatifungani, yaani mikopo inayolipa riba? Mke wangu anataka tujikusanye tuingie mnada wa BoT (Benki Kuu), tuikopeshe serikali kwa hatifungani ya miaka 25, maana riba yake haikatwi kodi. Mliomo humo, mngeanza na kipi?