Kutoa kwa kukopa: mtoto anakwama penye sifuri

Mzazi, Morogoro
Ndugu wazazi na walimu, habari za jioni, na walio wakubwa kwangu shikamooni. Binti yangu yuko darasa la tatu. Anaweza 52 kutoa 27, lakini akipewa 503 kutoa 178 anaduwaa, kisha katika kila safu anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu, na anaandika 475. Baba yake humwonyesha njia ya zamani ya kuongeza moja chini, nami naona inazidi kumchanganya. Nianzie wapi?

Mwalimu wa darasa la tatu, Iringa
Mama, hiyo 475 inaonyesha kwamba mtoto anaona tarakimu tatu zisizohusiana, haoni namba moja. Kumwambia "kopa kwa jirani" hakumsaidii, kwa sababu jirani mwenyewe ana sifuri. Kata karatasi ziwe pesa: noti tano za 10,000 na sarafu tatu za 100, yaani shilingi 50,300, kisha mwambie alipe 17,800. Atagundua mwenyewe kwamba sarafu hazitoshi na noti za 1,000 hana, kwa hiyo itambidi achenji noti moja ya 10,000 apate kumi za 1,000, halafu moja kati ya hizo aichenji apate sarafu kumi za 100. Sasa ana noti nne za 10,000, tisa za 1,000 na sarafu kumi na tatu. Akilipa, anabaki na 32,500. Kila anapochenji muulize, "Tuna shilingi ngapi?" Asiposita kujibu kwamba bado ni 50,300, hapo ndipo mwandikie 503 kutoa 178 kwa wima, ili aone ile tisa juu ya sifuri imetoka wapi.

Mwalimu mstaafu, Tanga
Mwanangu, njia ya mumeo ni sahihi: mamoja ya juu yanaongezwa kumi, na makumi ya chini yanaongezwa moja, kwa hiyo tofauti haibadiliki. Hata hivyo, watafiti wa Marekani William Brownell na Harold Moser, katika ripoti yao ya 1949 kuhusu watoto wa darasa la tatu, waliona kwamba njia ya kufungua kumi, yaani kuchenji kama alivyoeleza mwalimu wa Iringa, ikifundishwa kwa maana yake, ilieleweka vizuri zaidi. Mwombe baba asubiri mpaka mtoto aimarike, na kwa sasa amzoeze kuhakiki, maana 325 jumlisha 178 ni 503, ilhali 475 jumlisha 178 inapita 600.

Mzazi, Morogoro
Asanteni sana. Je, nimkataze kuandika tarakimu ndogo juu ya namba? Daftari linachafuka.

Mwalimu wa darasa la tatu, Iringa
Usimkataze, Mama. Mwachie nafasi ya kutosha juu ya kila hesabu. Ataziacha mwenyewe akishakuwa na uhakika.