Wanyama wanaingia shambani kwa mama kila usiku, nataka niwe nawaangalia bila kuwafukuza ila mihogo nayo inaisha. Naombeni ushauri

Mwana_Muheza (mleta mada):

Wakuu habari za usiku, shikamoo kwa mliotangulia. Nimerudi kijijini kwa mama tangu mwanzo wa mwaka huu, wilaya ya Muheza, huku juu milima ya Usambara inapoanza, mkataba wa kazi mjini uliisha nikaona nije nikae na bi mkubwa mana alikuwa peke yake na watoto wawili wa dada. Nyumba iko katikati ya shamba, nyuma kuna mifenesi miwili, migomba, michungwa kidogo, mikarafuu na kipande cha mihogo kama robo eka hivi, ukishuka hapo ni korongo lenye kijito halafu msitu.

Sasa kule nyuma ikishafika saa nne usiku ni kama stendi. Kuna kitu kinalia juu ya mfenesi kama mtoto mchanga, kuna kingine kinaanza taratibu kama mlango wenye bawaba kavu, kinapanda kinapanda mpaka kinamalizia na ukelele kama mtu anakabwa. Asubuhi unakuta fenesi lililodondoka limebaki ganda, mihogo imefukuliwa, na pembeni ya njia ya kijitoni kuna rundo la kinyesi palepale kila siku, lina mbegu na vipande vya jongoo. Majirani wanasema ni wanga, tusitoke.

Nikaagiza Dar ile kamera ya kufunga kwenye mti inajipiga yenyewe kitu kikipita, laki mbili na nusu. Wiki ya kwanza picha zaidi ya elfu moja, karibu zote majani ya mgomba. Ila kulikuwa na video tatu wakuu, dah. Ya kwanza nungunungu wawili wanaongozana, ya pili komba kashuka mpaka chini anakula fenesi kwa mikono miwili, ya tatu ndo sijui ni nini, mnyama saizi ya mbwa, kichwa kainamisha, miguu myeusi, mwili una madoa yanayoungana kama mistari, machoni kama kafungwa kitambaa cheusi, aliposhtuka manyoya ya mgongoni yakasimama yote. Nina miaka 34, nimezaliwa hapahapa, sijawahi kumuona. Watoto wameirudia hiyo video mpaka simu imeisha chaji.

Tatizo ni mihogo. Jirani mmoja kajitolea kutega tanzi kwenye njia ya nungunungu, anasema nyama yake tamu, mwingine kamwambia mama aweke sumu kwenye fenesi amalize wote. Mama hajakubali ila hajakataa pia, na mimi namuelewa mana mihogo ndo chakula chetu. Kwa hiyo nauliza, huyo wa tatu ni nani, kamera niifunge vipi, niwe nawawekea chakula karibu na dirisha ili watoto wawaone vizuri? Na mihogo ya mama naiokoaje?

Mtu_wa_Misitu:

Mkuu huyo wa tatu ni fungo, wengine wanamwita ngawa. Hilo rundo la kinyesi ndo kadi yake ya utambulisho, fungo ana choo chake maalum, anarudi hapohapo siku baada ya siku, na jongoo ni chakula chake cha kawaida wakati wanyama wengi wanamkwepa jongoo kwa ule uchungu anaotoa. Mbegu unazoziona kazimeza na tunda, anazisambaza huko anakopita, kwa hiyo miti mingine hapo korongoni inawezekana yeye ndo kaipanda. Hamisha kamera ielekee chooni kwake, utanishukuru.

Anayelia kama mtoto ni komba. Wa mlango wa bawaba ni perere, huyo anaishi juu ya miti, mwili kama sungura mnene, hana mkia wa kuonekana, na ndugu zake wa karibu kwa damu ni tembo na nguva, amini usiamini. Sauti yake usiku ni kubwa kuliko yeye mwenyewe mara kumi ndo mana watu wanaogopa. Ukimpata kwenye video wape majirani waangalie.

Kamera ifunge usawa wa goti, isiwe kifuani. Kinachoiamsha ni kitu chenye joto kinachosogea, sasa jani la mgomba lililopigwa na jua likitikiswa na upepo nalo linaidanganya, ndo hizo picha elfu. Fyeka majani ya mbele kama mita tatu nne, usiielekeze mashariki wala magharibi jua likaingia kwenye kioo, na usiiweke ikatishe njia, iweke inaangalia njia kwa mshazari ili mnyama aje anaikaribia, ikikatisha utapata mkia tu kila siku. Kamera za hivi zimefanya makubwa hapa kwetu, mwaka 2005 kule milima ya Udzungwa zilinasa njule, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi ilikuwa haimjui kabisa, akaja kutangazwa rasmi 2008. Kwa hiyo usifute video hata kama ni ya panya.

Mama_Wawili:

Mimi sijui kamera ila hiyo ya sumu imenishtua sana. Mwanangu fenesi lililodondoka watoto wa kijijini wanaliokota wanakula, utaweka sumu utasema imelengwa kwa nungunungu? Kuku je? Mbwa je? Na bundi akila panya aliyekula sumu naye anaweza kufa, halafu panya wanabaki bila mtu wa kuwapunguza. Mwambie mama yako kwa upole lakini mwambie leo, usisubiri kesho.

Mwana_Muheza:

Asante sana mama yangu, nimemwambia jioni hii na amekubali, sumu hakuna. Na fungo!! Nimemsomea mama hilo la choo akasema kumbe ndo huyo, bibi yake alikuwa anamtaja. Bado tanzi sasa, jirani anakuja kila siku kuuliza.

Mdigo_Kwale:

Salaam kutoka Kwale. Komba hao twawajua sana, marehemu babu alikuwa mgema na kila alfajiri akipanda mnazi akuta kibuyu kishanywewa, komba yuko kwenye kuti amelala hana habari. Lakini ndugu yangu usiwalishe. Kuna hoteli pwani huku zilizoea kuwapa ndizi jioni ili wageni wapige picha, basi mwishowe mnyama haogopi tena, aingia jikoni, anyakua mkononi mwa mtoto, na ukimkemea auma, na jino la komba si mchezo. Kwako tayari wana fenesi la mti wao wenyewe, hiyo yatosha. Kama ni kiangazi waweza kuweka beseni la maji na uweke kijiti ndani yake cha kupandia ili mjusi au panya asizame. Hilo latosha na utaona wengi kuliko hao wa ndizi.

Kijana_wa_Moro:

Angalia vizuri hizo video za "panya" mkuu. Kama ni mkubwa kama paka na nusu ya mkia kuelekea nchani ni nyeupe, huyo ni panya buku. Anajaza mashavu mpaka kichwa kinakuwa kipana halafu anaenda kuficha. Huku kwetu Morogoro ndo hao wanaofundishwa na shirika la APOPO pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Kuna panya mmoja, Magawa, alitokea hukuhuku, akaenda Kambodia akagundua mabomu zaidi ya mia moja, 2020 akapewa nishani ya dhahabu kule Uingereza, alikufa Januari 2022. Mimi nilikuwa nawaua kwa jembe mpaka nilipojua habari hizo, sasa nikimuona shambani nampisha. Waambie watoto wakimuona huyo wamwangalie kwa heshima.

Mzee_wa_Mihogo:

Nitajibu hilo la mihogo kwa sababu naona vijana mnalikimbia na ndilo lenye njaa ndani yake. Nimelima mihogo miaka zaidi ya 30. Nungunungu haruki wala hapandi, nguvu yake ni pua na makucha, na ana tabia moja, njia yake ni ileile kila usiku. Tafuta mabati chakavu, yakate nusu, yafukie chini angalau futi moja na juu yabaki futi mbili, zungushia kile kipande cha mihogo mitamu ambayo mnaivuna karibuni, sio shamba zima, hutaweza. Mbegu zile chungu panda kwa nje upande wa korongo. Kwangu huwa wanaanza na mitamu, ile chungu wanaigusa kidogo wakikosa. Na mihogo iliyokomaa vuna, usiiache ardhini kama ghala, hilo kosa tunalifanya wengi halafu tunamlaumu mnyama. Nguruwe pori je, wapo? Kama wapo niambie, huyo mabati hayamzuii, hapo ni habari nyingine kabisa.

Na waambie watoto nungunungu harushi miba. Miba inachomoka ikimgusa adui, na yeye anakuja kinyumenyume kwa kasi, ndo mbwa wengi wanaumia hapo. Ukimsikia anatikisa mkia unatoa sauti kama njuga simama ulipo, mpishe.

Mwana_Muheza:

Nguruwe hawapo mzee, walikuwepo zamani. Mabati nina kama nane ya banda la zamani. Shikamoo sana.

Jicho_la_Usiku:

Hilo la tanzi. Kwa sheria ya wanyamapori ya 2009 kuwinda bila kibali ni kosa na tanzi ni njia iliyokatazwa, na ikitegwa shambani kwa mama atakayeulizwa ni yeye. Tena tanzi halichagui, utanasa huyo fungo au paa au mbwa wa mtu, na atakaa hapo usiku kucha anahangaika. Mpeleke huyo jirani kwa mwenyekiti wa kijiji mkae mzungumze kirafiki.

La pili, umetaja wilaya, ishia hapo. Usitaje kijiji, na video ukizirusha kwenye magrupu hakikisha mlima au nyumba havionekani. Siku ikitokea kamera imemnasa kakakuona nyamaza kabisa, usimwonyeshe mtu zaidi ya afisa wanyamapori. Nchi za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, zilipitisha 2016 kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa na bado anasakwa kwa magamba yake. Wazee wetu walikuwa wakimpata wanamwekea maji na nafaka na silaha mbele yake waone atasogelea nini, watabiri mwaka, halafu wanamwachia aende zake porini.

Nesi_Tanga:

Naongezea kitu kimoja mana nimeona watoto wametajwa. Mnyama wa usiku akionekana mchana anayumba, haogopi watu au anafuata watu, msimsogelee, inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Akiuma au kukwaruza, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili halafu kituo cha afya siku hiyohiyo, msisubiri kuona kama ataugua, mana dalili zikishaanza hakuna tiba. Mbwa wa nyumbani achanjwe. Na mkitoka usiku kwenda kuangalia, buti na tochi, kifutu analala njiani na hakimbii mtu.

Mtanga_Ughaibuni:

Nimesoma uzi huu nikiwa Uingereza na nimekumbuka nyumbani mpaka basi. Huku watu wanahangaika kumpata kalunguyeye mmoja tu bustanini, wanakata tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya uzio ili aweze kupita bustani hadi bustani, mana kila mtu kajifungia. Jirani yangu mzee anakaa dirishani na taa nyekundu kila usiku anamsubiri, akija ananipigia simu. Taa nyekundu jaribuni na nyie, wanyama wengi wa usiku hawaioni sana kama nyeupe, funga karatasi nyekundu ya plastiki kwenye tochi. Na mkae upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwenu, vinginevyo wanawanusa kabla hamjakaa.

Mwana_Muheza:

Wakuu narudi na mrejesho, wiki ya tatu leo.

Mabati tumefukia mimi na watoto siku mbili, kipande cha mihogo mitamu kimezungukwa chote. Usiku wa kwanza nungunungu walizunguka bati lote wanalinusa, video ipo, halafu wakaenda kuchimba kwenye mashina manne ya nje. Toka hapo ndani hawajaingia. Mama kasema hayo ya nje ni yao, yeye kasema mwenyewe, sikumshawishi.

Fungo anapita chooni kwake kati ya saa tatu na saa saba usiku, karibu kila siku. Panya buku nimempata, mkia mweupe kweli kuelekea nchani, kabeba mbegu za fenesi mashavuni. Perere bado sijamnasa ila nimemrekodi sauti na nikampelekea mzee wa nyumba ya pili hapa, kaisikiliza mara tatu hajasema wanga tena.

Juzi ndo kubwa. Tulikaa dirishani na tochi yenye karatasi nyekundu, mimi, mama na watoto, taa zote zimezimwa, karibu lisaa limoja na nusu hakuna kitu na mdogo kashalala mapajani kwa bibi yake. Nungunungu wakatokea, wakubwa wawili na katikati yao mtoto, miba mifupi, anawahi kila hatua mbili asiachwe. Mama kashika mkono wangu mpaka wamepita. Akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe wana mtoto."

Jirani wa tanzi alikuja kesho yake asubuhi. Mama ndo aliyetoka kumjibu, mimi nilikuwa ndani nachaji betri.

Swali la mwisho, mvua zikianza kioo cha kamera kinashika ukungu, mnafanyaje?

Mtu_wa_Misitu:

Hongereni sana, na mpe mama salamu zangu. Zile chembe kwenye vifuko vidogo zinazokuja ndani ya boksi la viatu, weka kifuko kimoja ndani ya kamera, kikaushe kila wiki. Juu kata chupa ya lita tano iwe kama kofia. Na mfuniko upake mafuta kidogo kwenye mpira wake, sisimizi wanapenda sana kuingia humo.