Hita inakata RCD nyumba nzima (Mafinga)

Swali: Wakuu, hita ya wati 2000 ilikaa stoo tangu baridi iliyopita. Nikiiwasha tu, RCD (swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja) inakata, lakini breka ya soketi haishuki. Shida ni waya za nyumba?

Jibu: Mkuu, wati 2000 kwa volti 230 ni kama ampea 8.7, mzigo haujazidi. RCD ikikata peke yake, umeme unavuja kwenda ethi (waya wa ardhini). Mara nyingi elimenti (sehemu inayotoa joto) imenyonya unyevu stoo. Chomoa, weka swichi ya hita ON, pima kwa mega (kipimo cha kuona kama umeme unavuja) ya volti 500 kati ya pini za umeme na ethi. Chini ya megaohmu 1, usiitumie.

Jibu: Maltimita ya kawaida haitoshi hapa, volti yake ni ndogo mno. Anika hita juani, upime tena. Isipopanda, badilisha elimenti. Tafadhali sana, usikate waya wa ethi ili RCD itulie. Bodi la hita linaweza kubaki na umeme, na watoto huota moto hapo hapo.