Tupeane uzoefu: Wana-Kusini mliowahi kupanda mlima, huko juu mlichukuliwa kama nani?

Mwalimu wa Masasi

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, habari zenu. Wakubwa, shikamooni.

Uzi huu naufungua kwa sababu ya begi. Desemba ya mwaka juzi nilipanda Kilimanjaro na kundi la Watanzania tisa, mimi mwanamke peke yangu na mimi peke yangu niliyetoka huku kwetu. Siku ya pili tumesimama kando ya njia tunakunywa maji, akatokea Mzungu wa makamo wa kundi jingine, anahema. Hakusema neno. Akavua begi mgongoni akaninyooshea, mkono umenyooka, kama abiria anavyompa utingo mzigo aupakie. Mimi nimevaa jaketi la kukodi, buti za mtumba, na begi langu mwenyewe liko mgongoni. Nikalipokea. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo, kwamba mikono yangu ilipokea kabla akili haijafika. Gaidi wetu, yaani kiongozi wetu wa njia, ndiye aliyelichukua akamrudishia, akamwambia, “Huyu dada ni mgeni wangu.”

Yule baba aliomba radhi mpaka uso ukamwiva, na kinyongo naye sina. Alikuwa amekaa mlimani siku mbili, kila mweusi aliyepishana naye ana mzigo kichwani, kila mweupe ana fimbo mbili mkononi. Mlima wenyewe ndio uliomfundisha hivyo.

Niliporudi darasani, wanafunzi wangu wa kidato cha pili waliniuliza swali moja tu: “Madam, kwani kule wanaruhusu na sisi?” Siku ile sikufundisha kilichokuwa kwenye andalio la somo. Niliandika ubaoni Alexander Nyirenda, aliyepandisha mwenge na bendera yetu kileleni usiku wa Uhuru, Desemba 1961. Nikaandika Yohani Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kama kiongozi wa njia wa Mjerumani Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Nikaandika Wilfred Moshi, Mtanzania wa kwanza kufika kilele cha Everest, mwaka 2012, na chini yake Rawan Dakik, binti wa Arusha aliyefika huko huko mwaka 2021 akiwa na miaka 20. Watoto walinakili. Mmoja wa nyuma akauliza kama yupo wa Mtwara. Nikamwambia bado namtafuta.

Basi nawatafuta. Tupeane uzoefu. Si lazima uwe Kilimanjaro, hata haya majabali yetu ya Masasi ni mlima.

Binti Mikindani

Mwalimu, ahsante kwa uzi huu. Mimi sikufika kileleni, niliishia kambi ya mwisho, na kwa muda mrefu nilikuwa sipendi kulisema.

Nilikwenda na wenzangu wa chuo. Nyumbani baba alikataa katakata: mtoto wa kike, hijabu, kulala mahema na wanaume, tena baharini kwetu hapa baridi tunaisikia redioni tu. Mjomba naye akaunga mkono, na nyie mnajua kwetu mjomba akishasema. Bibi mzaa mama ndiye aliyekohoa akauliza, “Mimi nilipokaa unyagoni mwezi mzima porini, nilikuwa mtoto wa kiume?” Nikapewa ruhusa.

Hijabu haikunisumbua hata kidogo, kule kila mtu kajifunika hadi pua. Kilichonirudisha ni kichwa kuuma na kutapika, kila ninachokunywa kinarudi. Ugonjwa wa mwinuko hauangalii jinsia wala misuli. Unakuja kwa sababu umepanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea hewa nyepesi, maana pale juu kila pumzi inakupa kama nusu tu ya oksijeni unayoivuta hapa ufukweni Mikindani. Katika kundi letu waliorudishwa mwanzo walikuwa wavulana wawili wa timu ya mpira wa chuo, waliokuwa wakitupita wakikimbia. Lakini tuliporudi chuoni, habari iliyosambaa ni moja: “Yule wa hijabu alishindwa.” Wale wawili walikuwa “waliumwa.”

Maneno hayo mawili nayakumbuka kuliko baridi yenyewe.

Korosho Tandahimba

Mimi nasema kama ninavyoona, msinichukie. Haya mambo ni ya wenye nafasi. Mkulima wa korosho anasubiri mnada, ana ada ya watoto, ana madeni ya shamba, halafu atoe hela akateseke kwenye barafu? Ubaguzi mkubwa ni mfuko.

Mwalimu wa Masasi

Kaka Korosho, sikuchukii, umesema kweli. Kiingilio cha hifadhi kwetu wazawa ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni, na safari zinazopangwa kuelekea Desemba 9 huwa na nafuu. Kinachoumiza ni vingine: nauli ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huku hadi Moshi, malipo ya gaidi, mpishi na wapagazi, kukodi nguo za baridi. Mimi nilichanga kwenye kikoba mwaka mzima, na bado buti nilinunua mtumba soko la Memorial pale Moshi. Mama lishe wa hapa shuleni kwetu, mwenye mapafu kuliko mimi, hawezi kuchanga hivyo. Hilo nalikubali.

Mzaliwa wa Newala

Mimi Kilimanjaro siijui. Ila mama yangu alizaliwa juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ya juu yalikuwa shida, chemchemi ziko bondeni. Alfajiri wanashuka ukingo, wanapanda na ndoo kichwani jua likianza kuchoma. Waliosimama Shimo la Mungu wakatazama chini kuelekea Ruvuma wanaelewa ukingo wetu ukoje. Mama amefanya hivyo tangu mtoto hadi ana mimba yangu. Watalii wakija pale wanapiga picha na kuitwa wapanda milima. Mama aliambiwa anachelewa.

Babu Alikuwa Lindi

Nimeguswa na habari ya mzigo kichwani, maana Lindi tunalo la kwetu.

Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, na waliochimba kwa majembe ni watu wetu kwa mamia. Hakukuwa na gari wala reli. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilisafiri kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini Lindi, zikapakiwa meli. Leo dinosaria mmoja wa pale amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Wakuu wa msafara, Janensch na Hennig, wamo vitabuni toka zamani. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, aliyekuwa na jicho la kuujua mfupa kabla haujatoka udongoni, alisubiri hadi mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru akaitwa kwa jina lake, Australodocus bohetii. Wapagazi je? Bibi yangu alikuwa akisema babu yake alibeba “mawe ya Wadachi” na shingo haikupona. Jina lake halimo popote isipokuwa kwa bibi, na sasa bibi hayupo.

Kwa hiyo Mwalimu, lile begi ulilonyooshewa ni la zamani sana.

Mgumu Mstaafu, Nachingwea

Shikamoo babu wa Lindi. Mwalimu, mimi ndiye uliyekuwa ukifananishwa naye. Nimekuwa mpagazi Kilimanjaro miaka sita. Sisi wenyewe tunaitana wagumu.

Niliondoka Nachingwea baada ya kidato cha nne, nikafikia kwa rafiki Moshi. Kazi ni hivi: alfajiri mnajazana getini, gaidi anachagua. Unapimiwa mzigo kwenye mizani, kikomo kilichowekwa ni kilo 20. Nimeona mizigo ikipungua mbele ya mizani na kuongezeka nyuma ya mti wa kwanza. Mnawapita wageni njiani ili wakifika wakute hema limesimama na chai ya moto. Sisi tunalala hema la kulia chakula, kumi au kumi na wawili, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Safari moja tulikuwa na dada mmoja mpagazi, mama wa watoto wawili. Mzigo wake ulikuwa sawa na wetu. Hema lake halikuwepo. Alilala ukingoni ameegemea mapipa ya chakula, hajavua koti wala viatu, na kabla hatujaamka ameshachota maji. Usiku wa kwanza mmoja wetu alianza maneno ya kipuuzi, mpishi akamkalisha chini. Usiku uliofuata wanaume wanne tulilala kwa zamu upande wake. Tangu 2003 kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, unaofuatilia ujira, chakula na malazi kwa kampuni zinazokubali kufuatiliwa. Ukiwa kwenye kampuni hizo unaona tofauti. Mimi nyingi nilizofanyia hazikuwamo.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kwa kawaida mpagazi hafiki kileleni. Usiku wa kusamiti, yaani kupanda kileleni, wanakwenda wageni na magaidi. Sisi tunabaki, tunapakia, tunasubiri. Nimepanda safari zaidi ya arobaini, kilele nimekiona kutoka chini tu. Anayefika anapewa cheti chenye jina lake. Mimi sina hata kimoja.

Tenzing Norgay, aliyekuwa wa kwanza kufika kilele cha Everest mwaka 1953 pamoja na Hillary, alianza kama mpagazi mwaka 1935. Nilisimuliwa na gaidi mmoja mzee, tukiwa tumekaa juu ya mapipa tunamenya viazi. Sijasahau.

Binti Mikindani

Kaka Mgumu, Mungu akubariki kwa yule dada. Hujawahi kurudi kama mpandaji?

Mgumu Mstaafu, Nachingwea

Nilirudi. Niliacha kazi, nikaja kulima shamba la mama, korosho mbili tatu. Msimu ulipokuwa mzuri nikamwambia mke wangu ninachotaka. Alinyamaza siku mbili, kisha akaniuliza nguo za baridi zinakodishwa bei gani.

Getini nilikuta wagumu watatu ninaowajua. Walicheka mpaka wakakaa chini, halafu mmoja akachukua begi langu akaliweka kwenye mizani. Kilo 11. Nilipotaka kulichukua akalivuta. Nikamwambia, bwana, mimi nitabeba, umenijua mimi. Akasema, “Leo wewe ni mgeni. Tembea.”

Nikatembea. Saa ya kwanza sikujua mikono niiweke wapi. Naikunja, naishusha, naishika nyuma kama mzee wa kijiji. Shingo ilikuwa nyepesi hadi nikaona kizunguzungu. Njia ambayo nimeipita miaka sita nikitazama visigino vya wa mbele, niliiona mara ya kwanza: kuna maua, kuna ndevu za kijani zinaning'inia kwenye miti, kuna kijito nilichokuwa nakisikia tu.

Kileleni tulifika jua limeshatoka. Nilipiga picha moja. Niliporudi kambini yule mwenzangu alikuwa ameketi kwenye pipa, ana chai mkononi, hajainywa, ameniwekea mimi. Akaniuliza, “Kukoje?”

Nikamweleza hadi chai ikapoa.