Tupeane uzoefu: difarensiesheni (kunyambua, yaani kutafuta kitu kinabadilika kwa kasi gani) inakwama wapi?

Mwalimu wa Jioni, Malindi: Kanuni ya kipeo kila mtoto anaijua: kipeo kinateremka mbele, kisha kinapunguzwa 1. x⁵ inakuwa 5x⁴. Sasa mpe 1/x³. Inaandikwa x⁻³ kwanza, jibu −3x⁻⁴. Wengi huandika −3x⁻², kwa kuwa kupunguza wanakuona ni kuikaribia sifuri.

Mwana Shela: Hapo hapo! Na √x ni x^½ tu, watu wanaiogopa bure.

Bi. Chaki: Balaa ni mabano. (3x² + 5)⁴: mtoto anaandika 4(3x² + 5)³, anaweka kalamu chini, roho kwatu. Ya ndani nayo hunyambuliwa, inatoa 6x, kwa hivyo jibu ni 24x(3x² + 5)³. Asiyeamini aifungue (2x)³: ni 8x³, inatoa 24x². Ukisahau ya ndani unabaki na 12x², nusu imeliwa.

Kona: Mnakaririsha tu. Anzeni na (f(x+h) − f(x))/h, h ikiwa nyongeza ndogo ya x. Kwa x² inabaki 2x + h, h ikiisha ni 2x.

Mwalimu wa Jioni: Na mtihani wa kesho usubiri h iishe?

Gati la Mokowe: Mashua inatoka Mokowe, s = t³ − 6t² + 9t, s kwa mamia ya mita, t kwa dakika. Kasi, yaani s ikinyambuliwa, ni 3t² − 12t + 9, yaani 3(t−1)(t−3). Dakika ya 1 imesimama mita 400 kutoka gatini. Dakika ya 3 iko gatini tena! Ukiuliza imekwenda mita ngapi, darasa zima: "Sifuri." Ni 800.

Mwana Shela: Nahodha kasahau abiria?

Gati la Mokowe: Kasahau dizeli.

Kona: Kwa dizeli ipi alirudi?

Bi. Chaki: Jamani, hesabu! x²·x³ msizidishe 2x kwa 3x². Hiyo ni 6x³, na x⁵ inatoa 5x⁴. Ya kwanza iite u, ya pili v, na ′ ni alama ya iliyonyambuliwa: ni u′v + uv′. Leibniz mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa hesabu hizi, mwaka 1675 alijiuliza kama d(uv) ni du·dv, akaona sivyo.

Mwana Shela: Na kugawanya, u/v, ipi huanza juu?

Bi. Chaki: u′v, kisha unatoa uv′. Ukigeuza, alama nayo inageuka.

Kona: Andika v⁻¹ uzidishe, yaishe.

Mwalimu wa Jioni: Aliyekosea x⁻³ unamwongezea v⁻¹?