Darasa la bure la uchoraji Tandale: watoto 30, laki mbili kwa mwezi. Tunaanzaje?

KivuliChaMwembe
Wakuu, habari za leo. Tuko watatu, tunataka kuanzisha darasa la bure la uchoraji kwa watoto wa Tandale, Dar es Salaam, miaka 8 hadi 13, kila Jumamosi. Shule moja ya msingi imekubali kutupa darasa moja na kivuli cha nje. Michango ya watu wa mtaa inafika laki mbili kwa mwezi, zaidi ya hapo hakuna. Tumeshauriwa tuanze na Tingatinga, ile staili ya kuchora wanyama kwa rangi kali, rangi za mafuta kwenye ubao, maana watoto wanaijua. Ni sawa? Karatasi tunapata wapi kwa bei ya chini? Vibali je? Na madarasa ya namna hii huwa yanafia wapi?

FundiBrashi
Rangi ya mafuta achaneni nayo kwa umri huo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 alitumia rangi za makopo za kupakia baiskeli, na staili ile imebaki nazo mpaka leo pale Morogoro Stores, Oysterbay, wanakochorea na kuuza wasanii wake. Lakini wale ni watu wazima. Rangi hiyo inataka tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, na mvuke wa tina ndani ya chumba chenye watoto 30 si wa kuchezea. Haikauki siku hiyo hiyo, na kama rangi ya kopo ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, huwezi kujua kwa kulitazama.

Tumieni rangi ya maji mnayotengeneza wenyewe. Wengi hununua galoni ya rangi nyeupe ya ukutani na vichupa vya kuchanganyia, halafu wanashangaa kila rangi inatoka ya maziwamaziwa. Msingi mweupe hautoi nyekundu iliyoiva hata umimine kichupa kizima. Nyeupe iwe ya kupunguzia ukali tu. Rangi zenyewe zitoke kwenye unga wa oksaidi, ule mafundi wanaotia kwenye sakafu ya saruji: nyekundu, njano, nyeusi.

Kikombe 1 cha unga, lowanisha kwa maji kidogo na tone moja la sabuni ya maji mpaka uwe rojo bila madonge. Acha nusu saa. Tia nusu kikombe cha gundi nyeupe ya mbao, kisha maji mpaka iwe kama uji mwepesi. Paka kwenye kipande cha karatasi, subiri kikauke, sugua kwa kidole. Ikitoka mkononi, ongeza gundi. Iking'aa na brashi ikinata, gundi imezidi, ongeza unga. Achanganye mtu mzima, nje, amefunga kitambaa puani, kabla watoto hawajafika.

Bluu: ile ya kufulia ya unga, si ya chupa. Ya chupa inadoa nguo, na mama mmoja akilalamika tu, Jumamosi ijayo hamtawaona watoto watano. Hiyo ya unga msiitie ndimu wala siki, inapauka. Manjano ya jikoni inavutia siku ya kwanza ila jua linaila.

Kiasi: vikundi 8 vya watoto wanne wanne (viwili vitakuwa na watatu), rangi 4 kila kikundi, mililita 60 kila rangi. Haifiki lita 2 kwa kipindi. Brashi zioshwe palepale, gundi ikikaukia kwenye nywele za brashi hairudi.

MamaManila
Karatasi ya manila ikateni mara nne, inatosha kabisa. Ya bure ni mifuko ya saruji, ile ya karatasi, si ya sandarusi. Mfuko una tabaka zaidi ya moja: la ndani kabisa limegusa saruji, litupeni, linawasha ngozi. La nje mligeuze, mchore upande usio na maandishi. Linashika mkaa vizuri sana kuliko manila. Mkitumia manjano ya jikoni mtajua kama vumbi la saruji limebaki, itageuka nyekundu.

Hadibodi, ule ubao mwembamba wa mbao iliyoshindiliwa, nunueni moja tu, ya kazi ya mwisho. Futi 4 kwa 8, mkikata futi moja kwa moja mnapata vipande 32, watoto 30 na viwili vya akiba. Kingo zipigwe msasa, na kila kipande kipate mkono mmoja wa rangi nyeupe siku moja kabla. Bila hivyo ubao unafyonza rangi na mtoto anapaka tena na tena mpaka anakata tamaa.

Gundi ya muhogo kwa kazi za kubandika ni rahisi, kikombe 1 cha unga kwa vikombe 6 vya maji, ila kwa joto la Dar siku ya tatu imechacha. Matone ya mafuta ya karafuu yanasogeza mbele kidogo. Kazi zilizobandikwa kwa muhogo msizilaze stoo, mende na panya watazimaliza.

Mwl_wa_Jumamosi
Rangi haijawahi kuua darasa. Kinachoua ni nauli ya mwalimu. Piga hesabu kwanza: watatu, elfu 10 kila mtu kila Jumamosi, Jumamosi nne ni laki na 20. Inabaki elfu 80 ya vifaa, na kwa mapishi ya FundiBrashi inatosha. Mkianza na vifaa vya kifahari huku walimu wakijitolea kavu, wiki ya nne mmoja ana "dharura".

Pili ni muda. Asubuhi mapema watoto wa kike wako kwenye maji na kufua, wengine wako chuo cha Kurani au tuisheni. Ulizeni madrasa za jirani ratiba zao kabla hamjatangaza. Saa 4 hadi saa 6 mara nyingi ndiyo nafasi. Na mtoto wa miaka 9 atakuja na mdogo wake mgongoni. Mkimrudisha, mmewarudisha wote wawili. Tengeni mkeka na mkaa mnene kwa hao wadogo.

Msianze masika, Tandale mnaijua maji yakijaa. Anzeni Juni, wiki 8, kisha mapumziko. Darasa lisilo na mwisho linachosha kila mtu.

Vibali: barua kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, nakala kwa afisa utamaduni wa Manispaa ya Kinondoni. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, mtaifikia mkianza maonyesho ya umma kwa jina la kikundi. Ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi, na ya picha itiwe saini peke yake.

KivuliChaMwembe
Asanteni sana. Tingatinga basi tuiache kabisa?

FundiBrashi
Hapana, acheni kopo tu. Mpangilio wake unafanyika vizuri kwa rangi ya maji: kwanza mandhari yote rangi moja, ikauke, kisha umbo la mnyama, mwisho madoa na mistari.

Mwl_wa_Jumamosi
Hapo sikubaliani sana. Ukimpa mtoto twiga wa kunakili wiki ya kwanza, wiki ya nane bado anachora twiga yule yule. Waanze na vitu vya Tandale: bajaji, meza ya nyanya sokoni, ndoo kwenye foleni ya maji. Wiki ya sita mwiteni msanii mmoja kutoka Nafasi Art Space, kile kituo cha wasanii, Mikocheni si mbali, awaonyeshe hizo tabaka za Tingatinga. Mwambieni mapema kwamba nauli ipo ila posho hakuna.

MamaManila
Na mkishaonyesha kazi zao ukutani, mtu akitaka kununua, hela apewe mtoto mbele ya mzazi, siku hiyo hiyo, na iandikwe daftarini.